Bango la Hongera

Habari ziliingia simuni mchana, Kadzo akiwa amechutama uani akimenya viazi vya karai vya kuuza jioni. Kundi la wazazi la Shule ya Upili ya Fahari ya Kisiwa halikuwa na tabia ya kuleta neno la heri. Siku zote lilileta karo, sare, mkutano, halafu karo tena. Siku hiyo lilileta picha. Alikuwa Mejumaa wake, na sweta la kijani la shule, amekaza uso kama anayesubiri sindano, na chini yake maandishi mekundu: HABARI NJEMA KWA WAZAZI NA WANAFUNZI. HONGERA MEJUMAA MASHA, ALAMA B+. CHUO KIKUU KINAKUSUBIRI!

Kadzo aliisoma kisu kikiwa mkononi. Akakiweka kisu chini, akaisoma tena. Kisha akafanya kosa ambalo mama yeyote angelifanya: akapiga kigelegele kabla ya kumpigia mwanawe simu.

Na kigelegele Kibokoni hakina mwenyewe. Kikishatoka kinywani ni mali ya mtaa. Madirisha yakafunguliwa, mmoja akauliza kuna harusi gani, mwingine akajibu asichokijua, na kabla viazi havijaingia sufuriani ua ulikuwa umejaa wanawake. Nasiha, mjane anayeuza mahamri na kuishi chumba cha mbele, ndiye aliyefika wa kwanza. Alimvisha Kadzo kikuba cha asmini kifuani kwa mikono yake mwenyewe, akamkumbatia mpaka unga ukamganda Kadzo begani.

"Mwanetu ametutoa kimasomaso!" Nasiha alisema. "B na kujumlisha! Mtoto wa nyumba hii hii!"

Neno hilo la "mwanetu" lilimwingia Kadzo mahali asipopajua. Miaka tisa yeye na mumewe Masha walikuwa wamepanga chumba cha nyuma katika nyumba ile. Hawakutukanwa wala kuonewa. Walisalimiwa vizuri, wakapelekewa sahani ya futari kila Ramadhani. Lakini walikuwa "wale Wagiriama wa nyuma", watu wa Kaloleni, watu wa kanisani, na siku ya maulidi mtu alipohesabu watoto wa mtaa hakumhesabu Mejumaa. Sasa alikuwa mwanetu. Kadzo alilia machozi ya furaha mbele za watu, wala hakuona haya.

Simu ya Mejumaa haikupatikana. Alikuwa kwa nyanyake huko Kaloleni tangu kabla ya matokeo kutangazwa. Kadzo alisema moyoni kwamba bila shaka chaji imekwisha.

Mejumaa alirudi kesho yake, na mtaa ulikuwa ukimngoja. Alipofika tu kwenye kichochoro alinyunyiziwa marashi, mtu akamtia kipande cha halua mdomoni, vigelegele vikapanda hadi madarini. Msichana alisimama katikati yao, halua shavuni, kama mtu aliyeingia kwenye harusi akakuta yeye ndiye bibi harusi na bwana harusi hamjui. Alisema "ahsanteni" mara nyingi. Kisha akaingia ndani na kuangusha pazia.

"Mama, haya mambo yametoka wapi?"

"Kwenu shuleni. Kwani hukuona?"

"Mimi nimepata C ya kutoa."

Kadzo alicheka. Aliposikia anacheka peke yake, akaacha.

"Tazama." Mejumaa aliwasha simu yake, akampa. Matokeo yalikuwa pale, somo baada ya somo, na mwisho wake C-. "Niliyaona siku ile ile yalipotangazwa. Nikazima simu. Nilikuwa nataka kukwambia nikija, uso kwa uso."

"Basi wamekosea. Wamekupa ya mwenzako."

"Mwenzangu nani? Darasani mwetu aliyepita sana ana C na kujumlisha. Hakuna B+ shule nzima, mama. Hayuko."

Huko uani Nasiha alikuwa akiwagawia watu kahawa, akieleza jinsi alivyokuwa akimwona Mejumaa akisoma kwa taa ya kichochoroni. Hapo hapo Kadzo alitaka kutoka aseme. Alishika pazia. Aliwaza: nitasema nini? Marashi nitayarudishaje? Kuna desturi ya kupokea hongera, kuna desturi ya kuipokeza, na kuna sahani za kurudisha zikiwa na kitu ndani. Hajawahi mtu kurudisha hongera yenyewe. Aliachia pazia.

Masha alirudi kutoka bandarini, ambako kazi yake ni kuyafunga makontena kwa minyororo melini yasiyumbe. Alikuja anaimba. Msimamizi wa zamu alikuwa amempa mkono mbele ya wafanyakazi wote, na wenzake wakambatiza Baba Wakili. Aliambiwa, akaketi kitandani na viatu vyake.

"Nani mwingine anajua?" aliuliza.

"Sisi."

"Basi."

"Basi nini, Baba Mejumaa?"

"Basi tunyamaze. Yatapoa. Mji huu kila wiki una jambo lake."

"Baba," Mejumaa alisema, "C ya kutoa si aibu. Yanipeleka chuo cha ufundi. Nataka kozi ya umeme, nilishakwambia."

"Si aibu, mwanangu." Masha alivua kiatu kimoja, akakikodolea macho. "Wangelitangaza hiyo C yako, tungelikula sima yetu tukalala, na kesho nikaenda kazini. Sasa tumepandishwa darini na ngazi imeondolewa. Nitashuka vipi?"

Kadzo aliinama akamvua kile kiatu cha pili.

Shule ya Fahari ya Kisiwa ilikuwa juu ya duka la magodoro, ghorofa ya pili na ya tatu. Kadzo alikuwa akizijua ngazi zile. Muhula uliopita alizipanda kuomba Mejumaa asifukuzwe kwa ajili ya karo, na karani, Mwende, alimwambia mbele ya wazazi wenzake, "Wewe simama pembeni kwanza, wacha wanaolipa wapite." Alisimama pembeni asubuhi nzima. Leo, alipofika na Mejumaa, Mwende aliondoka kitini mwake akampa akalie, akaagiza soda mbili, akamwita "mama yetu". Kadzo aliinywa ile soda. Alijichukia kwa jinsi ilivyokuwa tamu.

Mwalimu Maxwell, mwenye shule, alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya upole na mikono ya shati iliyokunjwa. Alifurahi kweli kuwaona.

"Mwalimu," Kadzo alianza, "mwanangu hakupata B+."

"Najua, mama."

Kadzo alikuwa amejiandaa kwa ubishi. Hakujiandaa kwa hilo.

"Hilo ni tangazo," Mwalimu Maxwell alisema. "Sabuni ikitangazwa unaambiwa nguo zitang'aa kama mpya. Umewahi kusikia mtu ameishtaki sabuni?"

"Lakini ni uso wangu," Mejumaa alisema.

"Ni uso mzuri, binti. Na mtaa wenu una watoto wengi waliomaliza Gredi ya Tisa." Aliinuka, akafungua mlango wa nyuma ya meza yake, akawaonyesha. Kulikuwa na madarasa mawili, madawati yamepangwa sawasawa, vumbi juu yake. "Miaka miwili hatukupokea kidato cha kwanza, kwa sababu mfumo wa elimu ulikuwa unabadilika. Miaka miwili nalipa kodi ya vyumba vitupu. Walimu wengine nimewaachisha, na waliobaki mishahara yao ya mwezi uliopita sijamaliza. Jumatatu Gredi ya Kumi inaanza. Nikikosa watoto, ninafunga. Sasa niambie wewe, mama, ungefanya nini?"

Kadzo hakujua angefanya nini. Hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Alikuja kumchukia mtu, na mtu mwenyewe alikuwa amechoka kama yeye.

"Tupe tu karatasi yake ya matokeo na cheti cha kumaliza shule," alisema. "Chuo wanavitaka. Hayo mengine ni yako na Mungu wako."

"Mtavipata. Usajili ukiisha."

"Ukiisha lini?"

"Wiki mbili, tatu. Vipo hapo kabatini, haviendi popote. Na lile salio lenu la karo tumelifuta. Umeona? Lote."

"Sikuliomba hilo."

"Ndiyo raha ya hisani, mama. Hupewa asiyeomba." Alitabasamu, kisha tabasamu likamtoka polepole. "Ila mkianza kuzungumza huko nje, na mimi nitaanza kulikumbuka lile salio. Na kabati lile, ufunguo wake hupotea potea."

Walishuka ngazi. Mwende aliwapungia mkono.

Jioni hiyo Kadzo alijaribu jambo moja. Alikaa na simu, akawaza kuandika kwenye lile kundi la wazazi maneno machache tu: kwamba ile alama si ya Mejumaa, imekosewa. Hakukusudia kumtukana mtu. Alibonyeza mahali pa kuandikia, pakakataa. Palikuwa na mstari mmoja chini: wasimamizi tu ndio wanaoruhusiwa kutuma ujumbe. Miaka minne alikuwa katika kundi lile na hakuwahi kuligundua, maana hakuwahi kuwa na neno la kusema. Akiwa bado anautazama mstari huo, ujumbe mwingine ukaingia: WAZAZI, NAFASI ZA GREDI YA KUMI ZINAKWISHA. MLETE MWANAO ALIPOSOMA MEJUMAA.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Huenda katika zama zao hapakuwa na mabango. Bango la Mejumaa lilitundikwa barabara ya Ndia Kuu, kamba moja imefungwa roshani ya huku na nyingine roshani ya kule, na uso wa Mejumaa ulikuwa mkubwa kuliko mlango. Wauza vinyago waliwaonyesha wageni. Pale ufukweni Mama Ngina, Kadzo alipotandika meza yake ya viazi, watu wasiomjua walimsogelea.

"Wewe ndiye mama wa yule binti? Basi nitilie vya mia, huenda akili iko kwenye hivi viazi!"

Wakacheka. Kadzo naye akacheka. Viazi viliisha mapema, na kesho yake vikaisha mapema zaidi. Alirudi nyumbani na pesa alizozitolea jasho, akaziweka mezani, na mwanawe hakuzitazama. Mejumaa hakutoka tena nje. Mama mmoja wa nyumba ya pili alimletea daftari za hisabati za wanawe, awafundishe, "waambukizwe hiyo baraka". Mejumaa alizipokea. Alizipanga vizuri juu ya kabati, akajilaza akitazama ukuta.

"Hisabati nilipata D, mama," alisema. "Nimwambie nini yule?"

Kadzo alimfunika shuka, ingawa kulikuwa na joto.

Jumapili alasiri Nasiha alipiga hodi. Masha alikuwa zamuni. Nasiha aliingia na birika la chai yake mwenyewe, kama afanyavyo akiwa na jambo zito, akaketi kwenye mkeka. Kadzo aliona mikono ya Nasiha ikimimina chai na akahisi kuna kitu kimepungua. Halafu akajua ni nini. Zile bangili za dhahabu za harusi yake, ambazo hakuzivua hata alipokanda unga, hazikuwapo.

"Nimeziweka rehani kwa sonara," Nasiha alisema, akiona anakotazama. "Usinitazame hivyo. Dhahabu ni ya siku ya haja. Binti yangu Batuli, serikali imempa nafasi ya Gredi ya Kumi ile shule ya kutwa hapa hapa kisiwani. Aenda kwa miguu, arudi kwa miguu. Hata miye nilipoulizwa matokeo yake nilisema hakupata kitu, wajua jicho la watu. Lakini yule mwalimu wa Fahari ya Kisiwa aniambia nafasi bado iko moja. Sasa miye siwaamini watu wa shule, hao wafanya biashara. Nimekuja kukuuliza weye. Weye hujanidanganya tangu uhamie hapa. Nimpeleke?"

Nyuma ya pazia kitanda kililia. Mejumaa alikuwa ameinuka kuketi.

Kadzo alilifikiria lile kabati na ufunguo wake. Aliifikiria kozi ya umeme na wiki mbili tatu ambazo hata wiki moja haijaisha. Neno moja tu lilitakiwa, "mpeleke", au hata kunyamaza kungetosha. Na angelisamehewa. Nani angelijua? Lakini mikono ile mitupu ilikuwa mbele yake, imeshika kikombe, na alama za bangili bado zi nyeupe juu ya ngozi.

"Usimpeleke," alisema. "Mpeleke ile ya serikali. Mejumaa hakupata B+, dada. Alipata C ya kutoa. Ile shule ilitunga. Nakuapia kwa Mungu."

Alipokwisha kusema alihisi mwili umekuwa mwepesi, akadhani yamekwisha.

Nasiha alicheka kwa sauti ndogo, akamgusa goti.

"Nakuelewa, shoga yangu."

"Wanielewa?"

"Kwani miye si mzazi? Mtoto aking'ara, mama humfunika. Jicho la watu si zuri. Nimekwambia hata miye Batuli nilimficha. Lakini hayo huambiwa watu wa nje. Miye hunifichi."

"Sikufichi! Ni kweli. Mejumaa! Njoo umwambie."

Mejumaa alitoka, nywele hazijachanwa, macho yamevimba. "Ni kweli, khale Nasiha. Nimepata C ya kutoa. Ngoja nikuonyeshe." Aliishika simu, akaielekeza kwake.

Nasiha hakuitazama. Aliusukuma mkono ule polepole kwa nyuma ya kiganja, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mpaka mumemfunza na mtoto," alisema.

"Dada Nasiha, soma tu. Soma, tafadhali."

"Sisomi. Bango lina muhuri wa shule, mtaa mzima umeliona, nami nije nisome simu?" Alianza kukusanya vikombe vyake, hata kile ambacho Kadzo alikuwa hajakinywa. "Nilikuvisha kikuba kwa mkono wangu huu. Nilimnyunyizia marashi mwanao, nikasema mwanetu. Kumbe weye waniona miye ndiye mwenye jicho? Miye nimhusudu Mejumaa?"

"La hasha! Sikusema hivyo!"

"Au ni weye usiyetaka Batuli afike alipofika wako?" Alisimama. Sauti yake haikupanda, na afadhali ingelipanda. "Ngazi umeshapanda, sasa waivuta juu. Haya. Mungu ndiye atoaye."

"Nasiha! Usizitoe zile pesa. Zikomboe bangili zako. Nakuomba."

"Bangili ni zangu, Mama Mejumaa."

Aliondoka na birika lake. Kadzo alimfuata hadi mlangoni mwa chumba cha mbele, akabisha, akaita, akasema yote upya kupitia mbao, na wapita njia wakageuka kutazama. Mlango haukufunguliwa. Aliporudi alimkuta Mejumaa bado amesimama pale pale, simu mkononi, kioo kimeshazima.

Kabla ya magharibi Mwalimu Maxwell alipiga simu. Hakufoka. Alisema tu kuwa amesikia kuna maneno yanasemwa Kibokoni, kwamba anasikitika sana, na kwamba ufunguo wa kabati hauonekani. Masha aliporudi aliambiwa. Hakumlaumu mkewe. Aliuliza kama chakula kipo, akala kidogo, akasema pengine angefanya vivyo hivyo, kisha akasema pengine asingefanya.

Jumatatu asubuhi Kadzo alikuwa kizingitini akimwaga maji, Nasiha alipotoka na Batuli. Msichana alikuwa amevaa sweta jipya la kijani, mikono imempita vidole, na furaha ilikuwa imemjaa hata hakujua aitazame wapi.

"Nasiha," Kadzo aliita. "Mwaamkaje?"

"Twashukuru," Nasiha alijibu, kwa adabu kamili, kama awajibuvyo wageni. Kisha akamshika Batuli bega, akamhamishia upande wa ukutani, akauvuta ukingo wa buibui lake na kulifunika lile sweta, jicho la Kadzo lisilipate. Walipita hivyo, wamebanana, mpaka wakashika Ndia Kuu.